Krismasi njema kutoka Mwakirunge, Mombasa, na habari za mnazi wa mwaka huu wa 2025

Heri ya Krismasi jamani, heri kwenu nyote wa Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu, na nyinyi mlioko Nairobi na Qatar ambao mwaka huu hamkupata ruhusa ya kushuka. Najua salamu zangu zimechelewa, wengine walishatuma tangu wiki iliopita, lakini huku shambani Disemba ni mwezi wa kukimbia, wageni wateremka na treni na mabasi, watu wanaoa, watu wanalipa mahari, na kila shughuli yataka mnazi, ile pombe ya utomvu tunaougema juu mtini, na miti yetu ni ile ile.

Kaskazi, ule upepo wa msimu wa joto, ishaingia. Saa nne ya asubuhi jua lishachoma na kwa mgema hiyo ni habari kubwa kuliko kalenda, kwa sababu kwenye joto hili mnazi uliogemwa alfajiri ukifika adhuhuri ushapanda povu na utamu washaanza kuondoka. Mwezi wa saba wakati wa kusi, upepo wa msimu wa baridi, una nafasi kidogo ya kupumua, saa hii huna.

Juzi mteja mmoja, kijana mstaarabu sana, aliniuliza mbona hatuuweki kwenye chupa ukakaa miaka kama divai ya zabibu ya Dodoma. Nikamwambia wenzetu wa Dodoma wakivuna wanakamua, wanaweka kwenye mapipa na wakati unawasaidia kazi. Wetu unaanza kuchacha ukiwa bado uko juu mtini, ndani ya kibuyu, hamira yake ni ile ya hewani na iliobaki kwenye kibuyu chenyewe, asubuhi ni mtamu, jioni ni mkali, ukiuacha siku kadhaa ni siki ya mama ya kutilia achari. Akaenda zake. Lakini nilibaki nikiwaza nikaona hata sisi tuna mwaka mzuri na mwaka mbaya kama wenye zabibu, tena wetu umejificha.

Karara, yaani kile kifuko cha maua ya mnazi tunachokikata ncha kupata utomvu, unaloliona leo likichomoza kwapani mwa kuti halikuanza leo. Lilianza ndani ya kichwa cha mnazi zaidi ya miaka miwili nyuma, kitu kidogo hata jicho halikioni, na kama siku zile kulikuwa na kiangazi basi lenyewe lilikionja. Mwakumbuka ule ukame, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ikapita hivi hivi. Watu walidhani umeisha mvua iliponyesha. Sisi tuliendelea kuumia hadi mwaka jana, El Niño ya 2023 ishapita, barabara zishabebwa na maji, shamba limekuwa kijani kila mahali, lakini makarara yanatoka membamba, mengine yanakauka kabla hata ya kufungwa kamba, na kibuyu kilicholala usiku kucha juu ukikishusha hakijafika nusu. Mzee wangu alikuwa akikitikisa kile kibuyu sikioni anasema, "Twanywa jua la juzi." Kwa wale wateja ambao mwaka jana mlikuja mara tatu mkarudi na mitungi mitupu na bado mkarudi mara ya nne, nyinyi Mungu awaweke, sijui niwaambie nini.

Sasa piga hesabu na mimi. Mvua ya Oktoba hadi Disemba 2023, ongeza miaka miwili na miezi yake, yatuleta hapa hapa tulipo na kuendelea mpaka katikati ya 2026. Na mimi naona kwa macho yangu, tangu mwezi wa kumi na moja makarara yanakuja mazito, unalishika linakujaa mkononi kama mkono wa mtoto mchanga mnene, na minazi miwili ya kule bondeni karibu na kijito yatoa mpaka twalazimika kubadilisha kibuyu mchana. Kwa hivyo tumaini langu la mwaka mpya si la kubahatisha, liko juu ya miti na nimelihesabu. Wasiwasi ninao pia, vuli ya safari hii kwetu imekuwa haba, na hilo deni litakuja kudaiwa 2028, nawaambia mapema ili msije mkashangaa.

Jambo lingine kubwa la mwaka huu ni kwamba mzee amekabidhi kotama, kisu chake cha kugemea. Goti limekataa. Mtu aliyepanda tangu kabla ya mimi kuzaliwa, asubuhi na jioni, vidato vya kukanyagia vya minazi hii amevichonga yeye mwenyewe karibu vyote, mwezi wa tano alishuka mti wa saba, akaketi chini, akamkabidhi mtoto wa kaka yangu, hakusema neno. Kijana ana miaka ishirini na mbili, alikuwa akiendesha tuktuk mjini. Wiki za kwanza tulipoteza makarara mengi kwa sababu alikuwa akikata nene, na karara hukatwa wembamba wa karatasi, ncha tu, kila ukipanda, hapo ndipo linakutolea mwezi na zaidi, ukilikata kama muwa siku tisa limekwisha. Mzee alikuwa akikaa chini juu ya rundo la makumbi, haangalii juu, anasikiliza tu. Kotama likipita sawa halisikiki karibu, likitoa mlio mzee anaita kwa sauti, "Nene hiyo!" Saa hii mzee bado anakaa pale pale kila jioni na ni wiki kadhaa sasa sijamsikia akiita.

Na majirani zetu Waislamu, ambao kileo hamkigusi lakini sikukuu zetu mwaja na sinia za mahamri na zenu twaja kula pilau, nyinyi pia nina habari yenu. Karara likigemwa halizai nazi, ndio ukweli wa mti huu, lazima uchague. Basi Januari mwaka huu tuliamua minazi kumi na miwili tusiiguze kabisa, tukaiacha izae, na ilituuma, maana ni pesa ya kila siku tuliokuwa twaiacha pale juu. Kutoka ua mpaka nazi kukomaa ni kama mwaka mmoja hivi. Vidaka tumeviona, vikawa vitale, vikawa madafu na tukajizuia hata kuyaangua, na Ramadhani inayokuja mwezi wa pili itawakuta nazi zishakomaa, za mbaazi na za tambi, mtachukua hapa hapa kwa bei ya shambani, hamna haja ya kwenda kupigana sokoni Kongowea. Mama amesema wazee wa msikitini wapelekewe kwanza, hilo halina mjadala.

Miche pia tumepanda, ishirini na tano, mbegu ni ya ile minazi mirefu ya zamani. Itachukua miaka sita saba mpaka itoe karara la kwanza. Chonga, wale mbawakawa wenye pembe, wameshatuharibia mitatu, wanatoboa pale kwenye moyo, asubuhi twapita na waya mrefu kuwachomoa mmoja mmoja.

Mnazi wa Krismasi utakuwepo kuanzia alfajiri ya tarehe 24. Naomba mje na mitungi yenu iliooshwa kwa maji ya moto, na aliyenuia kunywa asije na pikipiki yake, apande tuktuk. Ukikuta umeisha, umeisha. Watu watauongeza maji na sukari siku hizi mbili sehemu nyingine na watauza, sisi hapana. Ule msemo wa mgema kusifiwa akalitia tembo maji mzee haupendi hata kuusikia, anaona ni tusi kwa kazi yake, na kijana ashalelewa hivyo hivyo. Mama naye atatia kidogo kwenye unga wa mkate wa kumimina badala ya hamira kama kila mwaka, kwa hivyo atakayewahi mapema apata kipande na chai ya tangawizi.

Krismasi njema na mwaka mpya wa heri nyote. Naenda kumpokea kijana, yuashuka na kibuyu cha jioni na kimejaa.