Jiko lilale nje, Zuhura

Mwanangu Zuhura,

Salamu za hapa atakupa mdogo wako. Mimi nimeandika kwa sababu ya picha uliyotuma juzi usiku. Blanketi nimeliona, chai nimeiona, na jiko la mkaa nimeliona kando ya kitanda. Mlango umefungwa, dirisha umeliziba kwa kanga. Kanga niliyokupa mimi.

Nilipokupigia ulicheka, ukasema, "Mama, mkaa umeshakolea, hauna moshi." Usingizi ukanitoka. Moshi ungekukohoza ukaamka. Kinachoua hakina rangi wala harufu: ni hewa ya kaboni monoksaidi, na mkaa mwekundu usio na moshi unaitoa vilevile. Ikiingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni na haibanduki upesi. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha miguu inakosa nguvu. Aliyelala hayo yote hayasikii. Ndiyo hao tunaowasikia redioni, waliolala na jiko, majirani wakavunja mlango asubuhi. Na bakuli la maji mnaloweka pembeni halizuii kitu. Nimemuuliza daktari wa zahanati.

Najua Makete si Muheza. Najua baridi ya Julai huko inaingia mpaka kwenye mifupa. Ulikubali kwenda ulikopangiwa bila kutafuta mtu wa kukuhamisha, na baba yako hapiti mtu barazani asiambiwe kwamba bintiye ni mwalimu. Lakini wewe unayefundisha watoto wa watu, mbona la mama yako halikuingii? Usilale na jiko. Hata dakika tano za kupasha chumba, usijidanganye kwamba utaliamkia.

Liwashie nje, chini pawe sawa. Kung'uta jivu la jana, moto upate pumzi kwa chini. Panga vibanzi vikavu, mkaa mdogo mdogo juu yake, mkubwa baadaye. Mafuta ya taa usimimine kwenye jiko lenye makaa hata kama unaona yamezima. Moto unarukia mkononi. Ukipikia ndani kwa sababu ya mvua, mlango na dirisha viwe wazi mpaka umalize, kisha lirudi nje, mbali na ukuta wa mbao. Makaa yafukie kwa jivu. Usiyamwagie maji ndani ya jiko, udongo utapasuka. Mwenzako akilalamika kichwa, msitafute dawa kwanza: tokeni nje, halafu mwende kituo cha afya, hata kama ni usiku.

Ile asubuhi ya maembe unaikumbuka. Maembe hayakuwa na kosa. Mvua ilikuwa imekesha, nguo zenu mbichi, jiko nililiingiza mimi. Mdogo wako alipotapika, fimbo ikaja kwako. Nilipomweleza daktari alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mlango ulikuwaje. Nilirudi nyumbani kwa miguu, bodaboda sikuiona.

Bati la jikoni limebadilishwa, bado fundi anadai. Kuku mweusi ametotoa tisa, wamebaki saba. Shangazi yako anauliza mchango wa harusi ya Mwanaidi. Nimemwambia mshahara wako wa kwanza haujatulia, usije ukamtumia kwa siri.

Jumamosi nakutumia mzigo kwa basi: blanketi zito lile la babu yako, soksi mbili za sufu, nazi kumi. Chupa ya maji ya moto ukiifunga vizuri kwenye kitambaa itakupasha miguu kitandani. Baba yako anatafuta fedha ya mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6. Hiyo nayo ni ya kupikia, si ya kuotea moto chumbani.

Hiyo kanga itoe dirishani. Leo ukimaliza kupika nipigie kwa picha, unionyeshe jiko liko nje. Sitalala kabla sijaliona.

Mama yako