Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyemwaga mvinyo wa 2002

Mdogo wangu, mbukwa.

Nimesoma ulichoandika kuhusu mvinyo wa Rioja, huku Hispania. Umewaambia watu wanunue wa mavuno ya 2001, wanunue 2004, wakipata 2005 wasiiache, na kwa wenye subira, 2010. Halafu 2002 ukasema ibaki kwenye rafu ilipo. Umeandika vizuri, hilo siwezi kukunyima. Wakulima wa zabibu wa Dodoma wanakusikiliza kwa sababu kazi hii umeisomea hapa hapa Logroño, na mimi kila nikiona jina lako moyo wangu unajaa. Ila ulipofika kwenye 2002 nilijua unaandika ukiwa bado umesimama jikoni kwangu. Simu zangu hupokei. Basi nakujibu hapa, kwa kuwa hapa najua unasoma.

Alama ziko wazi na sibishani nazo. Baraza la Rioja, linalosimamia mvinyo wa huku, liliupa mwaka 2001 daraja la juu kabisa, Excelente, likaupa 2004 hilo hilo. 2002 likaupa Buena, nzuri, basi. Bodega nyingi kubwa, yaani nyumba za kutengeneza mvinyo, hazikutoa Gran Reserva, ule mvinyo unaolazwa muda mrefu zaidi, mwaka ule. Yote hayo ni kweli, na wewe uliyasoma darasani.

Mimi nilikuwepo shambani.

Kiangazi cha 2002 upande wa Rioja Alta kilikuwa cha baridi na mvua. Unaijua zabibu ya Tempranillo, vichala vyake vimebanana, maji yakiingia katikati hayana pa kutokea, na ukungu unaanzia tumboni kabla haujaonekana nje. Mwaka mzuri mvunaji anakata na kusonga mbele. Mwaka ule tulikishika kichala kwa mkono wa kushoto, tukakigeuza, tukakifungua kwa kidole gumba tuone ndani, kisha kwa ncha ya corquete, kile kisu kidogo kilichopinda, tukachokoa punje zilizooza moja moja. Ndipo tukakata. Glavu zililowa asubuhi na hazikukauka hadi jioni. Udongo wa mfinyanzi uliganda kwenye buti mpaka mguu ukawa mzito kuunyanyua. Nilikuwa mgeni, sijui hata kuomba maji kwa Kihispania, na mwanamke wa mstari wa pili alinionyesha kwa vidole punje ipi itolewe na ipi iachwe. Kilichoingia kwenye mapipa mwaka ule kiliingia kwa mikono ya namna hiyo.

Pesa ya mavuno yale ilikwenda wapi unajua. Sisemi kwa masimango. Ada ya dada kwa mdogo wake si deni, na sijawahi kukudai. Nasema kwa sababu wewe ndiye mtu pekee duniani ambaye nilidhani akiiona 2002 kwenye lebo hatahitaji kuambiwa kitu.

Kwetu Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Msimu mmoja ukiharibika, Baba alikuwa anapogoa, anamwagilia, na baada ya miezi michache kuna vichala vingine. Kosa la mvua linafunikwa na mavuno yanayofuata. Huku mzabibu unalala baridi yote na unatoa mara moja tu. Kilichotokea kati ya Aprili na Oktoba kinaandikwa kwenye chupa na hakifutiki, hata miaka ishirini ipite. Ndiyo maana kulinganisha miaka huku ni kazi nzito. Unaupa mwaka mzima hukumu, pamoja na watu waliokuwa ndani yake.

Sasa jioni ile. Ulikuwa umerudi kutoka kumzika Baba. Mimi sikwenda, na wewe unajua kwa nini sikwenda: daktari alikataa nipande ndege na kidonda kibichi, tiketi yako nililipa nikiwa kitandani, na sauti ya Baba ya mwisho niliisikia kwa simu iliyokuwa inakatikakatika. Hukunilaumu kwa mdomo. Ulikuja na sweta lake na ukasema tufungue zile chupa tatu za bodega moja, tuzilinganishe, tumkumbuke mzee. Nilifurahi. Niliweka mezani jibini, chorizo na mkate.

Ulianza na 2001. Rangi ilikuwa imeanza kuelekea kwenye tofali pembeni ya glasi, na harufu ilikuja yenyewe: cheri zilizokaushwa, tumbaku, ngozi ya mkoba wa zamani, na ile vanila ya mapipa ya mwaloni wa Marekani. Ulifumba macho. Ulipofumba macho ulikuwa Baba mwenyewe, na pale nilikupenda kuliko siku zote. Kisha 2004, nyeusi zaidi, imenona, tanini zake, ule ukakasi wa maganda ya zabibu, bado zinashika ufizi. Ukasema hii itatuzika sote. Tukacheka, ule usiku wa msiba tukacheka.

Halafu ukaichukua 2002 kutoka kwenye friji, ukajimiminia, ukanywa funda moja ukiwa umesimama, ukasema: "Maji ya rangi. Hata Baba asingeinywa hii, Dada." Ukaipindua kwenye sinki. Hukumwaga glasi, ulimwaga chupa nzima, ukisubiri iishe, ukiitikisa mwishoni. Mashapo yalibaki yamejikunja kwenye sinki jeupe, na ni mimi niliyeyasugua.

Nimejaribu kulisahau hilo, limenishinda.

Na kwa kuwa siku hizi unafundisha watu, acha nikuambie kama mtu wa kazi. Zile mbili za kwanza zilikuwa na lebo ya bluu mgongoni, Gran Reserva: miaka mitano chini ya paa la bodega kabla ya kuuzwa, angalau miwili kwenye pipa. Ile ya 2002 ilikuwa na lebo ya rangi ya damu ya mzee, Reserva: miaka mitatu, na pipa halilazimiki kuzidi mwaka mmoja. Uliwashindanisha watoto wa madarasa tofauti na hukugeuza chupa kutazama. Mvinyo mwembamba haunywewi baada ya mnene, unatangulia, vinginevyo ulimi umeshalewa utamu wa mkubwa na mdogo ataonekana maji. Na baridi ya friji inaua harufu na kuuacha uchachu peke yake. Nyuzi 16 au 17 zingeutosha. Hayo si maoni yangu, ni mambo uliyonifundisha wewe mwenyewe mwaka wako wa kwanza chuoni, ukinisomea daftari lako nikiwa naosha vyombo.

Tena nina ushahidi. Chupa ya pili ya 2002 niliifungua majira ya baridi yaliyofuata, ikiwa ya kwanza mezani, bila mwenzake wa kuizidi. Mwili wake ni mwepesi, sikatai. Matunda yake ni mekundu na machachu, kama zambarau zile tulizookota njia ya shule. Baada ya nusu saa ikatoa majani makavu, uyoga, ngozi kidogo. Na mbuzi wa tanuri aliyekuwa sahanini alisikilizana nayo kuliko ambavyo angesikilizana na 2004, ambayo inataka kuongea peke yake. Mwaka wa mvua umeacha uchachu, na uchachu ndio ulioiweka hai. Hili wangefaidika nalo wasomaji wako, maana chupa ya mwaka wenye alama ndogo huuzwa bei nafuu zaidi.

Najua umemwambia mjomba kwamba nimekunywa urithi. Unamaanisha ile chupa ya 1994. Ndiyo, niliifungua bila wewe. Urithi gani? Niliinunua mimi kwa mshahara wangu, nikasema tu kwamba tutainywa pamoja na Baba akija. Baba hakuja. Wewe ulikuwa umeacha kujibu. Kizibo kilikuwa kimelainika na mvinyo umeanza kukipanda, na wewe bingwa unajua kizibo cha namna hiyo hakimngoji mtu mwenye hasira. Ilikuwa nzuri ajabu, mdogo wangu. Nilikuwekea glasi hadi asubuhi. Nani alikosea hapo? Mimi niliyenywa kilichokuwa kinakufa, au wewe uliyemwaga kilichokuwa kizima?

Nisamehewe na wengine mnaosoma, haya ni ya nyumbani.

Nimebakiwa na 2002 moja, 2005 moja na 2010 mbili, zimelala upande wa kaskazini ambako jua halifiki. Mavuno yanaanza Septemba, na sikukuu ya Mateo Mtakatifu ikifika tarehe 21 utapata chumba chako kimetandikwa. Sweta la Baba lipo kabatini, nimelifua kwa mkono. Njoo. Tutaanza na 2002, nitaimimina mimi, na utaimaliza glasi yako ukiwa umekaa.