Barua ya wazi kwa Katibu wa Chama cha Soka cha Mkoa: Hamisi Juma mliyemfungia si mimi

Ndugu Katibu,

Salaam na heshima zikufikie wewe na wote ulio nao ofisini. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizileta kwa mkono, nikagongewa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Hii ya nne naiandika hadharani, kwa sababu subira niliyokuwa nayo iliniishia Jumamosi iliyopita pale uwanjani.

Ilikuwa nusu fainali. Nilikuwa nimeshafunga bandeji kwenye kifundo cha mguu wa kulia, njumu nimezikaza, kamisaa wa mchezo akaja na karatasi yenye muhuri wa ofisi yako. Akaanza kuita majina. Alipofika kwangu akanyamaza kidogo, akapitisha kalamu juu ya jina, kisha akasema, "Hamisi Juma hachezi. Kafungiwa mechi tatu kwa kumsukuma mwamuzi." Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi msimu huu sina hata kadi ya njano." Nikampa leseni yangu. Akaitazama picha, akanitazama usoni, akaigeuza nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kitu cha thamani. "Kijana, naona kabisa si wewe. Ila mimi nafuata karatasi."

Simlaumu mzee yule. Karatasi haikuandikwa na yeye.

Nikavua njumu. Nafasi yangu akaingia dogo wa miaka 17 ambaye hajawahi kuanza mechi hata moja, anatetemeka mpaka anakosea kufunga kamba za viatu, ikabidi nimfunge mimi. Tukafungwa 2-1. Sisemi kwamba ningekuwepo tungeshinda, mpira hauna mjuzi. Nasema nilisimama nyuma ya kamba dakika 90 nikitumikia adhabu isiyo yangu, huku watoto wa mtaani kwetu wakiniuliza, "Kaka Hamisi, kumbe ulimpiga refa?" Jioni mama akarudi kutoka sokoni ameinamisha kichwa. Kule nako walikuwa wameshamuuliza.

Ndugu Katibu, katika mkoa huu mmoja, ligi hii moja, tupo akina Hamisi Juma watatu ninaowafahamu mimi. Mmoja ni golikipa, siku hizi hachezi sana. Wa pili ni beki wa kati wa timu ya wavuvi, mrefu, anatumia mguu wa kushoto, amenizidi miaka minne. Wa tatu ndiye mimi, kiungo, mfupi, fundi pikipiki. Aliyepewa kadi nyekundu ni yule beki. Siku ya mechi ile mimi nilikuwa gereji nimefungua injini ya pikipiki ya mteja, na timu yangu haikuwa na mchezo wowote. Ratiba mlipanga nyinyi, mnaweza kuitazama.

Na wala hakujificha. Jumapili asubuhi alikuja mwenyewe mpaka gereji. Akakaa juu ya tairi bovu, akakataa hata chai, akasema, "Somo, ile kadi ni yangu. Nilimsukuma yule refa, nilikosea, na nilishajiandaa kukaa nje." Akaniambia mechi iliyofuata kocha wake aliambiwa hakuna zuio lolote dhidi yake, akapangwa, akacheza. Sasa timu yake haina usingizi, maana siku mpinzani akikata rufaa kwamba wamemchezesha mtu mwenye adhabu, wataporwa pointi na kuandikiwa kufungwa 3-0. Kwa hiyo kosa moja la kuandika limeumiza timu mbili, limenichafulia mimi jina, na yeye limemnyima nafasi ya kumaliza adhabu yake kama mwanamume. Tulikaa pale kama saa nzima. Aliponyanyuka alinishika bega, akasema yuko tayari kuja ofisini kwako kutoa maelezo. Mimi na yeye hatuna ugomvi.

Kwetu mtu mwenye jina kama lako ni somo yako, ni wajina wako. Ukikutana naye unafurahi, unamchangamkia, akiwa na harusi unamchangia. Wazazi wetu hawakuona tabu kurudia majina. Mimi nilizaliwa Alhamisi, nikaitwa Hamisi kama babu yangu, na baba yangu ni Juma, basi nikawa Hamisi Juma Hamisi. Mwanangu wa kwanza akiwa wa kiume ataitwa Juma, atakuwa Juma Hamisi, na jina litaendelea kuzunguka ndani ya ukoo vile vile. Hebu tembea mtaa wowote wa Pwani uite "Ramadhani!" au "Rajabu!" uone watageuka wangapi. Hakuna kosa hapo. Kosa linaanza pale ofisi inapomtambua mtu kwa majina mawili tu, halafu ikaridhika.

Mpira wenyewe unalijua jambo hili zamani. Miaka ya 1990 Yanga walikuwa na mshambuliaji hatari, Mohamed Hussein. Baadaye Simba wakawa na beki wao wa kushoto kwa miaka mingi, naye Mohamed Hussein. Hakuna shabiki aliyewahi kuwachanganya, kwa sababu wa kwanza ni Mmachinga na wa pili ni Tshabalala. Abubakar Salum alicheza Yanga akaitwa Sure Boy, mwanawe Salum Abubakar akaja akacheza Azam na Yanga, naye akarithi Sure Boy. Majina yamegeuzwa tu, la baba limekwenda nyuma, na bado watu wanajua nani ni nani. Mashabiki walioketi kwenye mbao wana daftari lao kichwani, na daftari lile halikosei.

Na si sisi peke yetu. Uingereza walikwenda Kombe la Dunia la 1986 kule Mexico na Gary Stevens wawili kwenye kikosi kimoja, mmoja wa Everton, mwingine wa Tottenham. Waliwaandika kwa herufi ya jina la kati, mmoja akavaa 2 na mwingine 15, basi. Brazil kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 walikuwa na Ronaldo Guiaro, beki, na yule Ronaldo ambaye dunia nzima inamjua. Kwa kuwa Guiaro alikuwa mkubwa kwa umri, yule mdogo aliandikwa mgongoni Ronaldinho, yaani Ronaldo mdogo. Baadaye kidogo akatokea kijana wa Porto Alegre naye ni Ronaldinho, wakamwongezea Gaúcho ili asichanganywe. Mali walikwenda Misri kwenye AFCON ya 2019 na akina Adama Traoré wawili. Wote hao walicheza, kila mmoja kwa miguu yake na kwa kadi zake. Kwetu hapa, kwenye ligi ya mkoa ambayo viwanja vyake havina hata uzio, ndipo jina limegeuka kesi.

Nisamehe nikikukumbusha jambo, Ndugu Katibu. Misimu miwili iliyopita ulikuja uwanjani kwetu kugawa mipira. Ulisimama kwenye ile meza ya mwalimu wa shule, chini ya mwembe, ukiwa na shati jeupe. Kocha wetu alinyanyua mkono akakuuliza kuhusu majina kufanana, kwa sababu hata wakati ule nilikuwa nimeshaumizwa mara moja. Ulijibu, na tulikuwa zaidi ya watu arobaini tuliokusikia: "Kabla ya msimu ujao, fomu ya mchezo itakuwa na namba ya leseni mbele ya kila jina." Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Msimu ujao ulikuja ukapita. Na huu nao unaisha. Fomu ni ile ile, na nafasi ya namba haimo.

Nilisema nilishaumizwa kabla. Mwaka ule wa kwanza nilifunga magoli sita. Orodha ya wafungaji ilipobandikwa, manne yalikuwa yamehesabiwa kwa timu ya wavuvi, kwa beki. Nikanyamaza. Mwaka uliofuata alikuja mtu wa timu ya daraja la juu kuangalia wachezaji, akaniandika jina, akaomba ofisi yako namba ya simu. Simu ilipigwa kwa yule golikipa. Golikipa akafunga safari usiku kucha kwa basi hadi kwenye majaribio, akafika wanamwambia walikuwa wanatafuta kiungo. Alirudi kwa nauli ya kukopa. Mimi nilipata habari baada ya wiki mbili, dirisha la usajili limeshafungwa. Nina miaka 23. Kwa mpira, miaka hiyo mtu hana ya kuchezea, na kila msimu unaopotea haurudi. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Kocha wetu alinifungulia kitu kingine nilichokuwa sikijui. Mchezaji akiuzwa kwa ada kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ile igawiwe kwa timu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka 23. Miaka minne ya mwanzo kila mwaka ni asilimia 0.25 ya ada, miaka minane iliyobaki ni 0.5 kila mwaka. Wanaitambua timu iliyokulea kwa kumbukumbu za usajili wako. Timu yetu inachangisha shilingi mia tano mia tano kununua chokaa ya kuchora mistari. Siku dogo mmoja wa kwetu akifika mbali, halafu kumbukumbu zake zikawa zimebebwa na wajina wake wa wilaya nyingine, chokaa ile tutaendelea kuichangia mpaka lini?

Chanzo sikijui kwa uhakika. Nadhani mwamuzi anaandika ripoti kwa mkono, ripoti inapigwa picha kwa simu na kutumwa, halafu mtu wa ofisini anatafuta jina kwenye orodha na kuchukua analoliona mwanzo. Huenda timu yangu iko juu kwa mpangilio wa herufi, basi nabeba mimi. Huenda anayefanya kazi hiyo ni mtu mmoja na ripoti ni nyingi. Kama ndivyo, namhurumia kwa dhati. Lakini barua tatu zilifika mikononi mwa watu, zikagongwa muhuri, na hakuna aliyenyanyua simu kuniuliza, "Hamisi, wewe ni yupi?"

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Leseni yangu ina namba. Kitambulisho changu cha taifa kina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku niliyozaliwa. Hatuwezi kulingana mimi na somo yangu hata tukijitahidi. Naomba namba ya leseni iandikwe mbele ya jina kwenye fomu ya mchezo, kwenye ripoti ya mwamuzi na kwenye barua ya adhabu. Kama fomu mpya zinachelewa kuchapishwa, waamuzi waambiwe waandike kwa kalamu pembeni. Tarakimu chache tu. Majina matatu yangesaidia kidogo, ila hayatoshi, kwa sababu huko vijijini wapo waliolingana hadi jina la babu. Namba ndiyo dawa yake.

Naomba pia adhabu ile iondolewe kwangu kwa barua, na barua hiyo ibandikwe kwenye ubao wenu pale pale ilipobandikwa ya kwanza. Mama yangu atakwenda kuisoma mwenyewe. Na somo yangu asionewe kwa mechi aliyocheza akiwa ameruhusiwa na karatasi zenu. Hakuiba kitu.

Nusu fainali siidai, imeshapita. Ila Jumamosi hii kuna mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, na kwa karatasi yenu mimi bado nina mechi mbili za kukaa nje. Ndugu Katibu, zimebaki siku nne. Nitakuja ofisini Alhamisi saa mbili asubuhi, nimeshamwomba ruhusa bosi wangu wa gereji, na somo yangu atapanda boda kutoka ufukweni tuingie pamoja. Kila mmoja atakuwa na leseni yake mkononi. Utaziweka mezani mbili, utazisoma namba, na utaona.

Naomba utupokee.

Wako katika michezo,
Hamisi Juma Hamisi
Kiungo, jezi namba 8