Ramani gani utundike juu ya redio

Dar es Salaam

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani Kigamboni. Ujumbe wako wa kuuliza utundike ramani gani juu ya redio yako ya masafa mafupi nimeupata. Kabla hujapanda pantoni kuja Kariakoo kununua ile ramani kubwa yenye bendera pembeni, soma haya kwanza. Si kwamba haina kazi. Itakusaidia kujua nchi ipo wapi na imepakana na nani, ila uangalie kama Sudan Kusini imo, maana nchi hiyo ilizaliwa mwaka 2011 na ramani za zamani bado zinauzwa. Lakini kwa kujua wimbi la redio linakujia kutoka upande gani, ramani hiyo itakupoteza.

Sababu ni kwamba dunia ni mviringo kama chungwa, na ganda la chungwa huwezi kulilaza juu ya meza bila kulichana au kulivuta. Ramani nyingi za ukutani zimevutwa kulia na kushoto ili zijaze karatasi ya mstatili. Mawimbi ya masafa mafupi hayajui mstatili, yanafuata njia fupi juu ya mviringo. Chukua mfano wa San Francisco. Ukiweka rula kutoka Dar kwenye ramani ya aina ya Mercator, ile ya mstatili, utaambiwa iko karibu magharibi kabisa, kama nyuzi 286 za dira, zinazohesabiwa kutoka kaskazini kuzungukia mashariki. Njia ya kweli inatoka hapa kwa nyuzi 335 hivi, yaani kaskazini ukiegemea magharibi kidogo. Umekosea kwa karibu nyuzi 50. Na London nayo iko kwenye nyuzi 335 hizo hizo! Ukielekea London kutoka hapa ukaendelea mbele bila kukata kona, utavuka kusini mwa Greenland, uingie Kanada, ushukie San Francisco.

Kwa hiyo ramani ya kwanza unayohitaji ni ile ambayo Dar es Salaam iko katikati na dunia nzima imezunguka kwenye duara. Kwa lugha ya wachora ramani inaitwa azimuthi ya umbali sawa. Mstari wowote ulionyooka kutoka katikati ni njia halisi ya wimbi, na umbali wake unapimika kwa rula. Hii haiuzwi dukani, kwa sababu kila mji una ya kwake. Zipo tovuti zinazoitengeneza bure. Unaandika latitudo na longitudo, unapata faili la kuchapa. Kwa Dar andika latitudo -6.8 na longitudo 39.28. Alama ya kutoa usiisahau. Ukiiacha, katikati ya ramani yako patakuwa Ethiopia.

Peleka faili steshenari wakuchapie kwenye karatasi ya A2, duara likiwa na kipenyo cha sentimita 40. Nusu ya mzingo wa dunia ni kilomita 20,000, na kutoka katikati hadi ukingo una sentimita 20, basi kila sentimita ni kilomita 1,000. Hapo ndipo kijana wa mashine anapoharibu: anaacha kompyuta ipunguze picha ili ienee kwenye karatasi, na kipimo chote kinaondoka. Mwambie achape kwa asilimia mia, kisha upime kabla hujalipa. London iwe sentimita 7.5 kutoka katikati, Beijing 9.4, New York 12.4 au 12.5, San Francisco 16.1. Ukikuta London iko 6.1, ile alama ya kutoa haikuingia.

Usishangae ukiona ukingo umevurugika. Upande wa pili wa dunia kutoka kwetu ni bahari tupu, kusini-mashariki mwa Hawaii, na nukta hiyo moja imevutwa ikawa duara zima la nje. Maumbo ya kule hayana maana kwako. Na usijaribu kupima London hadi Tokyo kwenye ramani hii. Vipimo vinavyoanzia Dar tu ndivyo vya kweli.

Mwombe pia aizibe kwa plastiki, ile isiyong'aa kama anayo. Unyevu wa huko kwenu ufukweni unaitafuna karatasi mapema, na plastiki inayong'aa inarudisha mwanga wa taa machoni. Chora duara lililo sentimita 4 kutoka katikati, kisha lililo sentimita 8. Wimbi likidunda mara moja angani linafika mpaka kama kilomita 4,000, kwa hiyo London inahitaji midundo miwili, na San Francisco mitano au zaidi. Tena njia ya San Francisco inapanda mpaka Greenland na kaskazini mwa Kanada, ukanda ambapo dhoruba za jua huyameza mawimbi. New York haina tatizo kubwa hivyo, njia yake haipandi juu sana.

Jambo la pili ni mitambo ya kurushia matangazo. Studio si mtambo. Sauti ya London inaweza kukufikia kutoka kisiwa cha Ascension katikati ya Atlantiki, ambacho kwako ni nyuzi 265, kilomita 5,900. Ufaransa hurusha kutoka Issoudun. Kuna mitambo Talata Volonondry, Madagaska, kilomita 1,600 tu kutoka hapa. Ramani ya shule haina majina hayo, yatie mwenyewe kwa kalamu. Ratiba za vituo hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na ndani yake utaona namba za kanda zinazolengwa. Tafuta 48, 52 na 53, hizo ndizo za upande wetu wa Afrika. Utaona pia nyuzi ambazo mnara umeelekezwa. Hapa wengi huteleza. Issoudun kwako iko nyuzi 332, mtu anatoa 180 anapata 152, halafu anadhani ndiyo nyuzi ya kutoka kule kuja huku. Siyo. Kutoka Issoudun kuja Dar ni 137. Njia ile ile, lakini kaskazini ya pale na kaskazini ya hapa hazilingani. Kwa mtambo unaoupenda, tengeneza ramani ndogo ya A4 yenye mtambo huo katikati.

Ramani ya mchana na usiku usiinunue, weka kwenye simu, kwa kuwa kivuli kinahama kila dakika. Mwezi Desemba jua linazama hapa kama saa 12:35 jioni na London saa 12:50 kwa saa zetu, karibu pamoja. Giza linafunika njia nzima, nawe unashuka kwenye bendi za mita 31, 41 au 49. Mwezi Juni jua la London linazama saa 5:20 usiku kwa saa zetu, kwa hiyo bendi za mita 19 na 16 zinaendelea kufaa mpaka usiku. Ratiba zinatumia saa ya UTC, yaani saa moja ya dunia nzima. Toa 3 upate saa yetu ya Kiswahili. Ikizidi 12, toa 12 tena. Saa 1800 ni saa 3 usiku. Saa 0500 ni saa 2 asubuhi. Ikiandikwa Jumamosi 2200, kwetu ni saa 7 usiku wa kuamkia Jumapili.

Mwisho, waya wa antena. Kama unatumia waya wowote uliotupwa juu ya mti, nyuzi hizi hazitakubadilishia mengi. Lakini ukitaka dipoli, yaani antena ya waya wa vipande viwili, ya bendi ya mita 31, kata mita 14.8, gawa katikati, uitandaze kutoka nyuzi 65 hadi 245, kwa sababu dipoli husikia vizuri zaidi ubavuni. Ubavu mmoja utatazama Ulaya na mwingine Madagaska. Ikiwa chini sana, upendeleo huo wa upande unapotea, basi ipandishe kadiri minazi yako inavyoruhusu. Dira ya kupimia usiisome chini ya bati wala karibu na nondo, sindano inavutwa. Simama uwanjani, hatua kumi kutoka ukutani.

Nakuja Jumamosi na dira. Tafuta kamba ya nailoni na mtu wa kupanda minazi.

Wako,
rafiki yako wa ng'ambo ya pantoni