Barua kutoka Bonn: Jumamosi tuliyopanda Drachenfels

Bonn, Ujerumani
Mwezi Mei

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe pamoja na wote wa nyumbani. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ingawa masomo yamenibana kweli kweli muhula huu. Katika barua yako uliniuliza kama maisha yetu huku ni maktaba na mitihani tu, au kama tunapata walau nafasi ya kupumua. Nimeona ni heri nikusimulie Jumamosi iliyopita, ambayo niliimaliza yote pamoja na wanafunzi wenzangu bila kugusa daftari.

Aliyetuchochea ni mwenzetu kutoka Georgia anayesomea jiolojia. Tangu muhula uanze alikuwa akitusuta kwamba tunakaa Bonn na kuutazama mlima Drachenfels kwa mbali tu, kana kwamba umechorwa ukutani. Basi tukaondoka asubuhi: yeye, mimi, dada mmoja wa Vietnam anayesomea sheria, na mtu na mkewe kutoka Brazil, ambao wote wawili wanasomea usanifu majengo. Tulipanda tramu namba 66, ambayo huvuka mto Rhine na kuufuata ukingo wa mashariki hadi mji mdogo wa Königswinter, na kabla ya kushuka tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba siku hiyo ni marufuku mtu kuuliza saa.

Usidhani ni mlima wa kutisha. Kilele chake kina mita 321 tu juu ya usawa wa bahari, na asiyetaka kujichosha anaweza kupanda treni ya reli ya meno, ambayo gurudumu lake hung'ata reli ya katikati ili behewa lisirudi nyuma kwenye mteremko. Treni hiyo ilianza kazi mwaka 1883, na ndiyo kongwe kuliko zote za aina yake zinazofanya kazi Ujerumani hadi leo. Sisi tuliiacha ikapita, tukashika njia ya miguu.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo nimelifikiria wiki nzima. Lugha inayotuunganisha sote ni Kijerumani, na darasani kila mmoja wetu huipima sentensi yake mara mbili tatu kabla ya kuitoa mdomoni, kwa kuogopa kuchekwa. Kwenye mwinuko ule hakuna aliyekuwa na pumzi ya kupima chochote. Maneno yalitoka mafupi mafupi, vitenzi vikikaa pasipo mahali pake, wala hakuna aliyejisumbua kumsahihisha mwenzake, na bado tulielewana kuliko siku zote tulizokaa pamoja darasani. Yule dada wa Vietnam, ambaye kwa muda mrefu nilimjua kwa salamu tu, alinieleza kwa kituo habari za baba yake, mhandisi wa madaraja, na jinsi alivyokasirika binti yake alipochagua sheria; nami nikajikuta namweleza mambo ambayo hata wewe sijakuandikia bado.

Katikati ya njia kuna kasri linaloitwa Drachenburg. Ukiliona kwa mbali, kwa minara yake iliyochongoka na kuta zake nzito, utaapa kwamba ni la zama za mashujaa wenye mapanga, kumbe lilijengwa kati ya mwaka 1882 na 1884, yaani ni rika moja na ile treni. Mwenyewe alikuwa Stephan von Sarter, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni hapa Bonn, ambaye alitajirika kwa biashara ya hisa, akajijengea fahari hiyo yote, kisha asikae humo hata kidogo. Maisha yake aliyaendeshea Paris, na huko ndiko alikofia mwaka 1902. Mimi lilinichosha upesi, nikiri hivyo, lakini wale Wabrazili walitoa karatasi zao wakaanza kuchora minara, nasi tukawangoja chini ya mti bila manung'uniko, wengine tukasinzia.

Kileleni yamebaki magofu ya ngome ya karne ya 12. Wenyeji husimulia kwamba ni katika mlima huu Siegfried, shujaa wa hekaya za kale za Kijerumani, alipomuua joka, ila mwenzetu wa Georgia hakuwa na habari na joka. Alituvuta hadi kwenye ukuta wa mnara, akatuambia tusogeze macho karibu. Jiwe lenyewe ni la kijivu, huitwa trakaiti, na ndani yake mmejaa fuwele nyeupe, bapa, nyingine ndefu kupita ncha ya kidole changu. Alituonyesha kwamba nyingi zimelala kuelekea upande mmoja, kwa sababu uji wa volkano ulipokuwa ukisogea taratibu kabla ya kuganda ulizipanga hivyo. Nilipitisha kidole juu yake nikahisi zilivyojitokeza, kwa kuwa mvua hula jiwe lililozizunguka haraka kuliko inavyozila zenyewe.

Jiwe hilohilo ndilo lililokatwa mlimani katika Enzi za Kati na kusafirishwa mtoni hadi Köln, kujengea kanisa kuu ambalo msingi wake uliwekwa mwaka 1248. Watu waliuchimba mlima hata sehemu za ngome zikaporomoka, mpaka serikali ya Prussia, ufalme wa Kijerumani uliotawala hapa wakati huo, iliponunua kilele mwaka 1836 ili kuyakomesha machimbo. Tulikaa juu hapo muda mrefu sana, tukila mikate yetu na kutazama matishari yaliyosheheni yakipanda mto kwa shida na mengine yakiteremka mbio, na kisiwa cha Nonnenwerth kikiwa katikati ya maji. Upande wa kaskazini, penye ukungu mwepesi, minara miwili ya kanisa hilo la Köln ilionekana kwa mbali.

Kurudi tulivuka mto kwa kivuko hadi Mehlem, tukapanda treni ya jioni. Sasa huyu bwana wa jiolojia anatushurutisha twende Köln tukazitafute fuwele zake kwenye kuta za kanisa, nami nimemkubalia, mradi mtihani wa takwimu uwe umepita. Barua yako ya udahili ikitoka, niandikie mara moja, maana nafasi katika mabweni hugombewa na ni vema nikuombee mapema. Na katika mzigo wako usikose viatu vyenye soli ya kushika.

Wasalimie sana wazazi na ndugu wote.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.