Kemia ya mwaka wa kwanza isifundishwe vipande vipande

Mhariri, naomba nafasi niseme na walimu wa kemia vyuo vikuu, hivi kwa nini msawazo (mmenyuko unapokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi sawa), themodainamiki (mambo ya nishati) na kemia ogania (ya misombo ya kaboni) vinafundishwa kana kwamba havijuani? Chukueni esta, ile inayotokea pamoja na maji asidi ikimenyuka na alkoholi, ukichanganya moli 1 ya asidi ya ethanoiki na moli 1 ya ethanoli, konstanti ya msawazo (uwiano wa mazao kwa vitu vya mwanzo msawazo ukifika) ni kama 4 hivi, kwa hiyo theluthi mbili tu ndo inageuka esta, na mwanafunzi anaambiwa mmenyuko umesimama wakati esta bado inatengenezwa na kuvunjwa kwa kasi ileile! Kichocheo kinaharakisha tu, hakiongezi esta, ukitaka zaidi toa maji. Hapo ndo delta G (badiliko la nishati huru, linaloonyesha mmenyuko unaelekea wapi) kuwa sifuri kwenye msawazo inaeleweka jamani, sio kukaririshwa fomula.