Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Jimbo la Haut-Katanga anayehusika na Mambo ya Jamii, kuhusu staji, yaani mafunzo ya vitendo, za wanafunzi wa kazi ya jamii katika ofisi za watoto na familia

Mheshimiwa Waziri,

Pokea kwanza salamu zangu za heshima. Ninakuandikia kutoka Katuba, mojawapo ya komini, yaani manispaa, za mji wetu wa Lubumbashi, ambako ninafanya kazi katika nyumba inayopokea watoto waliofukuzwa kwao au waliopotea. Kila mwaka wanafunzi wa kazi ya jamii hufika kwetu baada ya kumaliza staji ya kwanza katika ofisi za Serikali, na kila mwaka ninawauliza swali lilelile: huko ulikotoka, ulimfuatilia mtoto gani? Wengi hunitazama kimya. Hunionyesha ripoti iliyopigwa chapa vizuri, yenye historia ya ofisi, mpangilio wa vyeo na muhuri katika ukurasa wa mwisho, lakini mtoto hayumo.

Jambo hili nimelipitia mwenyewe. Nilifanya staji katika ofisi moja ya Serikali ya mji huu, ambayo sitaitaja, kwa sababu watumishi wake walikuwa wachache na waliochoka, na sioni haki kuwabebesha wao peke yao mzigo huu. Kwa majuma sita kazi yangu ilikuwa kufagia asubuhi, kunakili daftari la zamani katika daftari jipya na kutumwa kutoa fotokopi. Ijumaa moja mchana, wakubwa wote wakiwa wametoka kwenda mkutanoni, aliingia bibi mmoja amemshika mkono mjukuu wake, mvulana wa miaka kama tisa. Mtoto alivaa kandambili mbili zisizofanana, moja ya bluu na moja nyekundu, zote za mguu wa kushoto, na nyuma ya sikio alikuwa na kidonda kilichoanza kukauka. Bibi alieleza kwamba baba wa mtoto yuko migodini upande wa Kolwezi, kwamba mama wa kambo amesema mtoto ni mlozi, na kwamba mchungaji wa chumba cha maombi ameagiza afungiwe siku tatu bila kula, ndipo yeye bibi akamtoa usiku. Niliandika jina la mtoto, umri wake na mtaa wa baba yake, kwa kuwa ndivyo safu za daftari zilivyotaka. Kisha nikamwambia bibi arudi Jumatatu. Hawakurudi, na kwa kuwa sikuwa nimeandika bibi anakaa wapi, tulipotaka kuwatafuta hatukujua pa kuanzia.

Wakati ule nilikuwa nimekwisha kufanya mtihani juu ya sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto, na alama zangu zilikuwa nzuri. Nilijua kwamba Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumsingizia ulozi. Kwamba kifungu cha 62 cha sheria ile kinamhesabu mtoto wa namna hii kuwa katika hali ngumu na kumpa ulinzi wa pekee. Kwamba kifungu cha 160 kinamtishia anayemsingizia kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3. Nilichokosa ni kuona, hata mara moja tu, jinsi kazi yenyewe inavyofanywa: nani hupigiwa simu Ijumaa jioni, mtoto atalala wapi usiku ule, karatasi gani huandikwa kwanza, na bibi huambiwa nini ili asirudi nyumbani na hofu kubwa kuliko aliyokuja nayo. Sheria inamruhusu mfanyakazi wa jamii kumweka mtoto kwa muda katika familia, akianza na ukoo wake ukifaa, ama katika nyumba inayotambuliwa, kisha kulifikisha shauri kwa hakimu wa watoto. Ukoo huo ulikuwa umeketi mbele yangu kwenye benchi, nami nikauruhusu uondoke.

Kwa hiyo ninaloomba, Mheshimiwa, ni jambo moja: kila mwanafunzi anayepokelewa katika ofisi zilizo chini yako apewe shauri la mtoto mmoja, alifuate tangu siku mtoto anapopokelewa hadi hakimu anapoamua, au hadi mtoto anaporudishwa kwa watu wake, akiwa pembeni ya mtumishi anayebeba jukumu hilo kisheria. Aende naye kumtembelea mama wa kambo. Asikilize jinsi mtumishi mzoefu anavyoanza kwa kuuliza habari za shamba, za biashara na za wagonjwa wa nyumba hiyo, kabla ya kulitaja jina la mtoto. Aandike rasimu ya uchunguzi wa kijamii, mtumishi aisome mbele yake, aifute panapostahili kufutwa, na kutia sahihi yake mwenyewe, kwa sababu uamuzi juu ya maisha ya mtoto hauwezi kusimama juu ya sahihi ya mwanafunzi. Na kila juma wakae pamoja saa moja, mlango umefungwa, mwanafunzi aseme alichokiona na kilichomkosesha usingizi. Saa hiyo ninaitilia mkazo kuliko yote. Nimewaona vijana wema wakianza kuwakaripia watoto katika juma la tatu, si kwa ukatili, bali kwa sababu walikuwa wamesikia mambo mazito na hawakuwa na mtu wa kumweleza.

Najua nitajibiwa kwamba wanafunzi ni wengi na wasimamizi ni wachache. Ni kweli, na ndiyo maana wasipokelewe ishirini mahali penye mtumishi mmoja. Ofisi yenye wasimamizi wawili ipokee wanne, na wanaobaki wangoje zamu yao. Wengine husema wapelekwe tu katika nyumba za kanisa na za mashirika. Wasalesiani wa Don Bosco, watawa Wakatoliki, katika nyumba yao ya Bakanja wamewafungulia milango watoto wa barabarani wa mji huu kwa miaka mingi, na kwetu Katuba pia mwanafunzi atajifunza mengi. Hata hivyo, sisi humpokea mtoto tu. Ulezi wa mtoto aliye katika hali ngumu sheria imeuweka mikononi mwa Serikali, na namna Serikali inavyolea haiwezi kufundishwa mahali pengine isipokuwa kwake.

Juu ya muda, majuma sita hayatoshi. Hata tukihesabu siku tano kwa juma na saa sita kwa siku, tunapata saa 180. Kule Marekani shahada ya kwanza ya kazi ya jamii hudai saa 400 za vitendo kwa uchache, na Uingereza, upande wa England, mwanafunzi hupitisha siku 170 katika staji kabla ya kuhitimu. Sidai tuwaige. Lakini vyuo vyetu vimo katika kupanga upya masomo kwa mfumo wa LMD, yaani wa ngazi tatu za licence, master na doctorat, na hii ni nafasi ya Divisheni yako, ofisi ya jimbo ya mambo ya jamii, kuketi nao na kuafikiana kwa maandishi, kabla ratiba mpya hazijakuwa desturi.

Kuna msichana mmoja katika nyumba yetu ambaye humuuliza kila mwanafunzi mgeni, siku ya kwanza kabisa: «Utaondoka lini?» Hakuna aliyemfundisha swali hilo. Watu wazima wamekuja katika maisha yake, wakamwita mwanangu, kisha wakaondoka bila kuaga. Katika mapatano hayo iandikwe kwamba mwanafunzi atamwambia mtoto tarehe ya kuondoka kwake tangu mwanzo, na kwamba juma la mwisho atamkabidhi kwa mkono kwa atakayebaki. Iandikwe pia kwamba atatia sahihi ahadi ya kutunza siri. Nimekwisha kuona picha ya mtoto aliyenajisiwa ikizunguka katika simu za wanafunzi, uso wake ukiwa wazi, eti kwa ajili ya ripoti.

Limebaki suala la pesa. Binti anayekaa Ruashi na kufanya staji mjini hulipa teksi-basi kwenda na kurudi kila siku, na mara nyingi pesa hiyo hutoka katika makaa anayouza mama yake. Akidaiwa tena malipo ya kupokelewa, na mengine ya kutiwa sahihi, atakuja siku mbili kwa juma na ripoti yake itanakiliwa kwa mwenzake. Ninaomba malipo hayo yakatazwe kwa barua itakayobandikwa mlangoni mwa kila ofisi. Nao wasimamizi, ambao baadhi yao wameandikishwa na Serikali na kupewa namba ya kazi, lakini hawalipwi mshahara, wapate angalau posho ndogo inayotambuliwa, ili wasilazimike kuitafuta mfukoni mwa mwanafunzi. Marekani, kutokana na sheria ya mwaka 1980, serikali kuu hurudisha hadi asilimia 75 ya gharama za kuwafundisha wafanyakazi wa ofisi za umma za watoto. Katika majimbo kadhaa mwanafunzi hulipiwa, naye huahidi kuzitumikia ofisi hizo baada ya kuhitimu. Jimbo letu halina hazina ya namna ile, lakini tunaweza kuanza na nauli ya wanafunzi kumi, kwa ahadi ya maandishi kwamba watatumikia komini zetu.

Ninayo madaftari ya miaka yangu yote ya kusimamia wanafunzi, yenye maswali waliyoniuliza na makosa tuliyoyafanya pamoja, majina ya watoto yakiwa yamefutwa. Niko tayari kuyaleta mbele ya watumishi wako na wakuu wa vyuo siku yoyote ya kazi mtakayoniita.

Kwa heshima kubwa,

Mama mfanyakazi wa jamii,
Katuba, Lubumbashi